Nitawaambiaje nyumbani kwamba sili tena nyama?

Swali: "Nina miaka 27, nafanya kazi Dodoma, kwetu ni Kilimanjaro. Tangu mwanzoni mwa mwaka nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Sababu yangu ni wanyama wenyewe, sitaki wauawe kwa ajili yangu. Kazini wananitania kwamba nakula majani kama mbuzi, hayo nayavumilia. Shida ni nyumbani. Pasaka nilisingizia tumbo. Krismasi nakwenda na mchumba wangu, baba atachinja na ukoo mzima utakuwepo. Nikianza kueleza natetemeka, nikibanwa nakasirika, mwishoni naonekana nimewadharau. Niseme nini, na nisemeje?"

Jibu: Mdogo wangu, ahsante kwa kuandika bila kuficha. Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na mimi mwenyewe si vegani, jina wanaloitwa walioacha kila kitokanacho na mnyama kama ulivyoacha wewe. Ninakula samaki, na nyama mara mojamoja. Nakuambia hilo mapema ujue kwamba maneno haya yanatoka upande wa wale utakaokaa nao kwenye sinia. Ninachotaka ni ufike nyumbani, ule ushibe, na wazazi wako walale bila hofu. Inawezekana, ila kazi kubwa itafanyika kabla ya tarehe 25.

Kwanza, tumbo usilisingizie tena. Mgonjwa huulizwa amepona lini. Ukisema Krismasi kwamba bado linakusumbua, mama atakuchemshia dawa, shangazi atakutajia daktari, na wote wataanza kukutazama mwili. Kwetu mtu akikonda kidogo huku anakataa chakula, majirani hawangoji maelezo, wanajitungia yao, nawe unajua huwa wanatunga nini. Kumwachia mama yako hofu ya namna hiyo ni kumtwisha mzigo mkubwa kuliko habari kwamba umeacha nyama.

Pili, fikiri baba anasikia nini ukisema "sili". Nyumbani kwenu nyama ya kuchinja haigawiwi ovyo. Mbuzi akishachinjwa, kila kipande kina mwenyewe, kwa umri na kwa undugu, na anayepewa kipande amepewa nafasi yake katika ukoo. Kwa hiyo wewe unaongelea chakula, baba anasikia binti aliyekwenda mjini akarudi anakataa nafasi yake. Ndiyo maana maelezo yako ya wanyama hayafiki. Yanajibu swali ambalo hajaliuliza. Swali lake ni: bado wewe ni wetu? Lijibu hilo kwanza, kwa vitendo na kwa maneno, na utaona sauti inatulia yenyewe, kwa sababu jibu lake unalijua na huna cha kutetea.

Jambo zito kwa baba hupitia kwa mtu. Hilo hulifanyi kwa woga, ndiyo adabu yetu. Mtafute shangazi, au yeyote ambaye baba humsikiliza, umpigie simu wiki mbili au tatu kabla ya safari. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Shangazi, mwaka huu nimeacha kula nyama na vyote vitokanavyo na mnyama. Siumwi, sijabadili dini, na sina neno na anayekula. Nimeona moyoni siwezi tena. Naogopa baba atadhani namdharau, na mimi nakuja kwa sababu nawapenda. Naomba unisaidie kumfikishia kabla hajachinja." Kisha umpigie mama mwenyewe, siku hiyohiyo au inayofuata, maana mama akisikia habari zako kwa mtu mwingine ataumia. Siku yenyewe, mbuzi ameshachinjwa na wageni wameketi, si siku ya kuanza kueleza. Hapo hata mwenye haki huonekana mkorofi.

Kuhusu kipande chako, wapo vegani wasiotaka hata kukishika, na nawaheshimu. Wapo wanaokipokea kwa mikono miwili, wakashukuru mbele ya wazee, kisha wakampa mdogo wao. Kama dhamiri yako inakuruhusu, mimi ningekushauri hili la pili, kwa sababu mbuzi huyo hakuchinjwa kwa ajili yako peke yako, na kukipokea ni kusema "mimi ni wenu". Kama hairuhusu, shangazi aombe mapema sehemu yako itajwe kwa jina la mtu mwingine, na wewe uwepo wakati wa kugawa. Usijifiche chumbani. Anayejificha ndiye anayehojiwa.

Ukiulizwa sababu, sema ile ya kweli. Wengi hukimbilia afya kwa kuona ni rahisi zaidi kueleweka. Wanataja Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2015, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliweka nyama za kusindikwa kama soseji katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile vinavyoelekea kuisababisha. Hayo ni kweli. Lakini ukiyasema mbele ya sahani za watu unawaambia wanakula ugonjwa, na papo hapo utatajiwa babu aliyekula kisusio, ile supu ya nyama yenye damu, hadi uzeeni na hakulazwa hata siku moja. Utabaki unabishana na marehemu. Wewe sababu yako ni wanyama. Iseme kwa nafsi ya kwanza, kwa sentensi moja au mbili: "Nimeona naweza kuishi vizuri bila mnyama kuuawa kwa ajili yangu, basi nimechagua hivyo." Halafu nyamaza, uulize habari za kahawa mwaka huu. Akitaka zaidi mwambie utamweleza mkiwa wawili, na kweli mweleze. Anayeuliza mbele za watu mara nyingi anataka kuchekesha, ila anayekufuata baadaye migombani ndiye anayetaka kujua.

Hapo kwenye wanyama pana jambo moja nataka ulifikirie sana, kwa kuwa mengi unayosoma mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Ukianza kumweleza baba habari za mabanda ya kuku elfu nyingi na mashamba ya soya ya kulishia ng'ombe, atakuangalia kwa mshangao. Ng'ombe wake ni mmoja au wawili, wapo bandani nyuma ya nyumba, wanakatiwa majani na migomba, na samadi yao inarudi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Kihamba kimeishi hivyo kwa vizazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Na huenda ada yako ya shule ililipwa kwa maziwa ya ng'ombe aliyouza mama. Baba akikuuliza, "Bila ng'ombe, migomba itapata wapi mbolea?", ana hoja, nawe usiipuuze. Mwambie: "Ni kweli baba, na sijaja kukuambia umwuze ng'ombe. Naongelea sahani yangu tu." Kukubali hoja ya kweli hakukupunguzii kitu. Tena ndiko kunakomwonyesha mzee kwamba umefikiri, hukufuata mkumbo.

Utaulizwa pia kama umekuwa Msabato. Huko kwenu swali hilo haliepukiki, kwani Wasabato walianza kazi Tanzania jirani tu, milima ya Upare, mwaka 1903, na baadhi yao hawali nyama. Usilichukulie kama tusi. Jibu hapana kwa upole, kisha ongeza kwamba unawashukuru, kwa sababu wamewaonyesha wazee kwa miaka mingi kuwa mtu anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka bila nyama. Akitokea wa kusema Mungu ametupa wanyama tuwale, usifungue mjadala wa Mwanzo sura ya kwanza na ya tisa, mtakesha. Barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 14, inatosha: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Sehemu ya pili ya maneno hayo inakuhusu wewe, na ukiisema mwenyewe kabla hujaambiwa, wengi watalainika.

Na wale wa "hayo mambo ya wazungu"? Ni kweli chama cha kwanza cha vegani kilianzishwa Uingereza mwaka 1944. Lakini Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga Jumatano, Ijumaa na majuma mengi ya Kwaresima bila nyama, mayai wala maziwa, na wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Na bibi yako katika siku za kawaida, zisizo za sikukuu, alikula nini? Kiburu cha ndizi na maharage, makande, mboga za majani. Muulize baba hilo kwa nia ya kusikia hadithi, usimtege.

Sasa mama. Kwa mama sitapita haraka, kwa sababu hofu yake ina msingi na inastahili majibu kamili. Ataogopa mambo mawili: kwamba utadhoofika, na kwamba hutaweza kuzaa vizuri. Mtoto wa kike anayekaribia kuolewa akiacha nyama, maziwa na mayai, mama anaona mbele siku za uzazi, na anajiuliza mtori, ile supu ya ndizi anayopikiwa aliyejifungua, utaupikaje bila nyama.

Mweleze ukweli wote, hata ule usiokupendeza. Kuna kirutubishi kimoja ambacho vyakula vya mimea havikupi kwa kiasi cha kutegemewa, nacho ni vitamini B12. Mchicha hauna, maharage hayana, na mwani si wa kutegemea. Mwili huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu huacha vyakula vya wanyama, akajisikia vizuri, akadhani hahitaji kitu. Akiba ikiisha huanza uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni, na mishipa ya fahamu ikiumia sana huenda isirudi kama zamani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6, anayenyonyesha 2.8. Vidonge vina kiasi kikubwa zaidi ya hapo kwa kuwa mwili hufyonza sehemu ndogo tu, hilo lisikutishe. Ila soma lebo. Vile vidonge vya bei nafuu vinavyouzwa kama "B komplex" mara nyingi vina B1, B2 na B3 tu. Mwambie mfamasia unataka vyenye B12, na uone imeandikwa. Kama hujaanza, anza wiki hii, na ukipata nafasi upime damu. Siku ya kuzungumza na mama, toa kopo la vidonge umwekee mkononi. Mama akiona dawa na akaona unajua kwa nini unaimeza, nusu ya wasiwasi wake inaondoka bila hoja yoyote.

Nyama ya kujenga mwili, kama anavyoiita, hilo ni jepesi. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji takribani gramu 48 za protini kwa siku, na asiyekula vitu vya wanyama afanye vizuri kuzidisha kidogo. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Konzi ya karanga ina saba. Ukila maharage, kunde, choroko au mbaazi mara mbili kwa siku pamoja na ugali au wali, umefika, na hujagusa hata soya.

Madini chuma yanataka akili kidogo. Yale ya kwenye mboga na maharage hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama, na chai tunayokunywa pamoja na chakula huyazuia zaidi. Chai ingoje saa moja. Kamulia ndimu kwenye mboga au ule chungwa pamoja na chakula, maana vitamini C huyasaidia kuingia. Kwa kalsiamu, ulezi. Gramu 100 za ulezi zina takribani miligramu 340, kiasi ambacho hakuna nafaka nyingine ya kwetu inayokikaribia, na mahitaji ya mtu mzima ni kama miligramu 1,000. Ukiuotesha au kuuchachusha, unafyonzwa vizuri zaidi. Mama yako anaujua ulezi kuliko mimi, kwani ndio unaokwenda kwenye mbege. Ongeza sukuma wiki na ufuta. Chumvi iwe yenye madini joto.

Na uzazi? Kwanza mhakikishie kwamba mtori hupikwa bila nyama, kwa ndizi, karoti, vitunguu na maharage yaliyosagwa, na utakuwa mzito na mtamu. Uji wa ulezi wenye karanga nao utakuwepo. Pili, mwambie kwamba siku ukiwa mjamzito utamweleza muuguzi wa kliniki tangu hudhurio la kwanza kuwa huli vitu vya wanyama. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi wanavyotoa utavimeza bila kukosa, na B12 hutaiacha hata siku moja. Kuhusu kauli za wataalamu uwe mwangalifu. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilitamka kwamba mlo wa vegani uliopangwa vizuri unafaa hata kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Tamko lake jipya la 2025 linawahusu watu wazima wasio wajawazito wala wanaonyonyesha, basi usilitumie kumjibu mama katika hilo. Maneno "uliopangwa vizuri" ndiyo yenye uzito. Mlo wa chipsi, chapati na soda nao hauna nyama, lakini sitamtetea mtu anayeishi kwa huo.

Siku ukifika nyumbani, ingia jikoni mapema. Menya ndizi tangu asubuhi, bandika maharage, osha vyombo. Binti aliyeshinda jikoni anapikia wageni hakuna atakayemwita mwenye dharau. Tena jikoni ndiko utakapojua kilichomo kwenye sufuria: ndizi zilizochemshwa kwa mchuzi wa nyama, mboga iliyotiwa maziwa, chapati za samli. Muulize anayepika, kwa sauti ya chini, na omba kiburu chako kipakuliwe kabla hakijawekwa maziwa, kama kwenu huwa mnaweka. Kuuliza sahani ikiwa tayari mbele yako, watu wanakutazama, ni kumwaibisha aliyepika. Mimi ningependa upike pia chungu kimoja kikubwa cha watu wote, mbaazi za nazi au mchicha wa karanga, na usikitambulishe kama chakula cha vegani. Kipakue tu pamoja na vingine.

Mchumba wako awe anajua kila kitu kabla ya safari, pamoja na utakachosema, asije akakuchekea au akakutetea kwa ukali. Kwa wazazi wake, aongee yeye. Kila mmoja hubeba habari kwa watu wake. Na kwa kuwa mnaelekea kwenye ndoa, suala la ndafu, yule mbuzi wa kuokwa anayekatwa harusini, lifikisheni kwa kamati ya harusi mapema. Mbuzi mzima akishaingia ukumbini na kisu mkononi mwako, umechelewa. Kwenye kamati mnaweza kukubaliana ndafu ipelekwe kwa wazazi na wewe usilishwe, au isiwepo kabisa, lakini hilo la pili litahitaji baba awe ameshakuelewa, kwa hiyo usilifungue Krismasi hii.

Wa kazini sina wasiwasi nao. Cheka nao, agiza ndizi choma na kachumbari yako mkitoka, na anayesema "hata mimea ina uhai" mjibu kwamba ni kweli, ila hujaona mchicha ukikimbia kisu. Ukiona utani umekuwa wa kila siku na unakuumiza, mwite anayeuongoza pembeni umwambie waziwazi. Usimjibu kikaoni.

Huenda baba akakasirika pamoja na maandalizi yote haya. Asipokuelewa siku hiyo, usijieleze mara ya pili. Sema, "Nimekusikia, baba," uendelee kuwahudumia wageni wake. Hasira yako, ile uliyoiandika, huja unapolazimisha akubali palepale. Hana lazima ya kukubali, nawe huna lazima ya kula. Mwache akuone Desemba nzima ukiwa na nguvu, ukicheka, ukishiba, kisha mrudie Pasaka.

Kwa hiyo mpigie shangazi kabla wiki hii haijaisha. Na vidonge vya B12 vinunue Dodoma, vya kutosha hadi Januari katikati, maana siku za sikukuu maduka mengi ya dawa ya vijijini hufungwa, na hata yaliyo wazi huenda yasiwe navyo.